Kituo cha kumenya kahawa: nitajuaje kila mfanyakazi anaweza nini, na nimpangeje bila kuzua ugomvi?

Msimamizi_Mlowo

Wakuu, salaam. Nipo Mbozi, nasimamia kituo cha kumenya kahawa cha chama cha wakulima. Msimu ukianza tunakuwa watu 14: makarani wawili wa mizani, wawili wa mashine, watatu wa matangi na mfereji wa kuoshea, sita wa vichanja (meza za kukaushia), na mlinzi ambaye pia hufunika kahawa mvua ikija usiku. Katikati ya msimu tunapokea kilo 4,000 hadi 6,000 za kahawa mbivu kwa siku, na nyingi inafika kwa mkupuo kati ya saa 9 alasiri na saa 1 usiku.

Mgao wa kazi tumeurithi. Aliyemaliza kidato cha nne anapewa kalamu, vijana wanapewa mashine, akina mama vichanja. Nikiwatazama watu wenyewe naona mgao huu hauwafai. Karani mmoja vitabu vyake havina kosa, lakini foleni ikirefuka anababaika na wakulima wanaanza kupiga kelele. Kijana mmoja wa mashine ana mdomo wa kumtuliza mkulima yeyote, ila pulpa (mashine ya kumenyea) inabana punje na yeye haoni mpaka aambiwe. Mama mmoja wa vichanja anashika pachimenti (punje zilizomenywa, bado zina ganda lake la ndani) kiganjani, anakwambia "bado siku mbili", na kipimo cha unyevu kinakubaliana naye.

Naomba ushauri wa hatua kwa hatua. Nitajuaje uwezo wa kila mtu bila kubahatisha? Nikishajua, nawahamishaje bila manung'uniko? Na zile kazi zisizopendwa na mtu, kama kuzoa maganda na kusafisha mashimo ya maji machafu, nani azifanye?

---

Uyole_Mafunzo

Mkuu Msimamizi, umeanza vizuri kwa sababu umeeleza watu kwa wanachokifanya. Endelea hivyo hivyo. Ukianza kuandika "mchangamfu", "mzito", "mwaminifu" utajikuta unapanga watu kwa unavyowapenda.

Kwanza kata kazi vipandevipande. "Karani wa mizani" ni jina la kiti tu. Ndani yake mna kuhakikisha mizani inasimama sifuri, kukagua ubivu, kusoma uzito, kuandika stakabadhi, kuhamishia kwenye daftari, na kuongea na mkulima ambaye mzigo wake umerudishwa akachambue upya. Hizo ni kazi sita, na ni nadra mtu mmoja kuzimudu zote sawasawa. Fanya hivyo kuanzia getini hadi stoo. Kituo cha ukubwa wenu kitakupa vipande 25 hadi 30. Kila kipande kianze na kitenzi. Kama hakina kitenzi, bado hujakikata.

Kisha tenga siku 10 za kutazama tu, usihamishe mtu. Daftari lako liwe na safu nne: kipande cha kazi, aliyekifanya, matokeo yaliyoonekana (namba kama ipo), na kama ilibidi aambiwe. Angalia hasa mambo haya: kazi anayoianza mwenyewe kabla ya kutumwa, kazi aliyoishika haraka kuliko wenzake mlipomfundisha, kazi ambayo saa 11 jioni bado anaifanya kama alivyoifanya asubuhi, na kazi ambayo wenzake humwita yeye wakikwama. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Wafanyakazi wanajuana kuliko unavyowajua, na mtu akiitwa mara tatu kwa jambo lile lile, hapo pana uwezo hata kama hana cheo wala cheti.

Vipande vinavyopimika, vipime. Kwa uchambuzi, chukua kilo 1 ya pachimenti iliyochambuliwa mara mbili. Changanya humo punje mbovu 60 ulizozihesabu: 20 zilizobanwa na pulpa, 20 zenye weusi, 20 zilizopasuka ganda. Mpe kila mtu dakika 15, meza ile ile, mwanga ule ule. Mwishoni hesabu mara mbili: mbovu alizotoa, na nzuri alizotupa pamoja nazo. Wengi husahau hesabu ya pili, na hapo ndipo kahawa ya mkulima inapopotelea. Mtu anayetoa mbovu 55 huku akitupa nzuri 40 mkono wake mwepesi, jicho bado. Rudia zoezi saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, kwa kuwa kuna jicho zuri la asubuhi linalokufa baada ya chakula. Huyo mpange asubuhi.

Na kabla hujasema mtu hana uwezo wa kuchambua, mpime macho. Kuanzia miaka ya arobaini kuona karibu hupungua kwa karibu kila mtu, na miwani ya kusomea huondoa tatizo siku hiyo hiyo. Kwenye mapokezi kuna jambo jingine: wapo watu, wanaume zaidi, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Weka sahanini matunda 20 mekundu na 20 yanayoanza kuiva, mwambie ayatenganishe. Akichanganya, usimweke kwenye ukaguzi wa ubivu hata akiwa makini namna gani. Mpe mizani, mpe mfereji, mpe stoo.

---

Fundi_Pulpa

Naongezea upande wa mashine, maana kuhusu huyo kijana naona kuna hatari ya kumhukumu mapema.

Kushindwa kuona punje zilizobanwa kunaweza kuwa na sababu mbili. Ama hana jicho na sikio la mashine, ama hakuna aliyewahi kumpa utaratibu wa kukagua. Dawa zake ni tofauti kabisa. Mfundishe kwanza, upime, ndipo uamue.

Utaratibu wenyewe: kila nusu saa mashine ikiwa kazini, kinga punje zinapotokea, hesabu 200. Tenga zilizobanwa au kukatwa, na tenga matunda yaliyopita bila kumenywa. Andika namba mbili kwenye ubao uliotundikwa hapo hapo. Zilizobanwa zikiongezeka, nafasi kati ya diski ya kumenyea na kibao chake imekuwa ndogo kwa kahawa inayoingia. Ambazo hazijamenywa zikiongezeka, nafasi imekuwa kubwa, au kahawa iliyoingia ni ndogo, mbichi au imekauka mtini. Namba zote mbili zikipanda pamoja, sababu mara nyingi ni mchanganyiko wa matunda makubwa na madogo, au diski imelika upande mmoja. Tunda la mwanzo wa msimu na la mwisho huwa dogo, kwa hiyo kipimo cha katikati ya msimu hakifai siku zote.

Mpe siku 5 za kazi na ubao huo. Namba zikishuka, alikuwa amekosa mafunzo na sasa una mtu wa mashine. Zikibaki pale pale huku anahesabu kwa uaminifu, hapo ndipo useme kipande hiki si chake. Mwenye uwezo wa mashine utamjua mapema: atasimama kabla ya nusu saa kufika kwa sababu amesikia mlio umebadilika, au ataweka mkono kwenye mfuko wa beringi na kukwambia ina joto kuliko jana.

Jambo la pili, kila kipande muhimu kiwe na mtu wa pili. Ukishampata hodari wa pulpa, siku moja kwa wiki akae pembeni mwenzake aendeshe. Vituo vinavyoegemea mtu mmoja vinakwama siku ya msiba au malaria, na kahawa mbivu haiwezi kulala: ikikaa usiku kucha ndani ya gunia inapata joto, inaanza kuchachuka kabla ya kumenywa, na ladha hiyo haitoki tena.

---

Iringa_Ajira

Kuhusu kuhamisha watu, mambo ya kisheria kwanza maana ndiko manung'uniko huzaliwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na ndani yake kuna maelezo ya kazi. Kazi ikibadilika, unashauriana na mfanyakazi, unarekebisha maelezo hayo na kumjulisha kwa maandishi. Kwa hiyo mkae mzungumze, kisha karatasi ifuate. Kumwambia mtu getini asubuhi "kuanzia leo wewe nenda kwenye matangi" ni kumvunjia heshima na ni kosa.

Kwenye karatasi ya majaribio andika haya: kipande kinachoongezwa na kinachopungua, tarehe ya kuanza na ya kumaliza (wiki mbili zinatosha), kitakachopimwa, kwamba malipo hayapungui, na kwamba anaweza kurudi alipokuwa bila kuhesabiwa kuwa ameshindwa. Hilo la kurudi liandikwe waziwazi. Bila hilo watu hukubali mbele yako na kulalamika kwenye pombe.

Angalia pia saa. Ukigundua mtu ana mkono mzuri wa kujua kahawa imeiva kwenye tangi (utelezi wake umeachia, tayari kuoshwa), utamtaka usiku. Kwa baridi ya Mbozi mwezi wa sita na wa saba uvundikaji unachukua muda mrefu na tangi linaweza kuwa tayari usiku wa manane. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zaidi ya hapo malipo ni mara moja na nusu, na saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne. Mfano wa hesabu: mshahara wa msingi wa sh 390,000 kwa mwezi ukigawanya kwa 195 unapata sh 2,000 kwa saa. Saa ya usiku ni sh 2,100, saa ya ziada sh 3,000, na ya ziada ikiangukia usiku sh 3,150. Mjamzito ana kinga yake ya kutofanya kazi usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na hata kabla ya hapo akiwa na cheti cha daktari.

Nasisitiza hili kwa sababu uwezo wa mtu ni rahisi sana kuugeuza kongwa. Hodari anaitwa usiku, anaitwa Jumapili, anaitwa akiwa mgonjwa, na malipo ni yale yale ya asiyeitwa. Baada ya msimu mmoja ataficha anachokijua.

Kazi zisizopendwa, weka zamu. Maganda, mashimo ya maji machafu, choo, kufua mifuko: kila mtu kwenye orodha, na jina lako wewe msimamizi liwemo. Usimwondoe mtu kwenye zamu kwa kuwa ni hodari wa jambo jingine. Ukifanya hivyo, wengine wanasoma kwamba kuwa hodari maana yake kukimbia koleo, na kwamba wanaobaki na koleo ni wasio na maana.

---

Makete_Kwetu

Dada Iringa_Ajira kamaliza. Mimi nauliza: kwa nini msitumie vipimo vya maswali? Kuna cha taasisi ya VIA chenye sifa 24, hakina malipo mtandaoni, na cha kampuni ya Gallup chenye maeneo 34, cha kulipia. Mtu anajibu, anapewa orodha ya nguvu zake.

---

Uyole_Mafunzo

Makete_Kwetu, vina nafasi yake, hasa ofisini. Hapa naviona na mipaka miwili. Vinapima mtu anavyojieleza, na mama aliyefundishwa tangu utoto asijisifu atajipa alama ndogo kwenye jambo analowazidi wote. Pili, majibu yake ni maneno mapana: udadisi, uvumilivu, haki. Kutoka "uvumilivu" hadi "akae kwenye tangi namba 2 usiku" kuna safari ndefu.

Ukitaka maneno ya mtu mwenyewe, keti naye dakika 20 kando ya kazi, umuulize maswali yanayogusa siku halisi. Wiki iliyopita, kazi gani uliimaliza ukashangaa muda umekwenda? Kazi gani unaiahirisha mpaka uambiwe? Wenzako wanakuita kwa jambo gani? Ukipewa kipande kimoja cha kazi ya mwenzako, ungechukua kipi? Swali la mwisho ndilo linalofungua watu. Usiulize "una kipaji gani", maana kwetu hilo ni swali la kumtaka mtu ajisifu, na mwenye adabu atakujibu "sina".

Kuhusu tangi, kipimo ni cha mkono. Chota punje, osha kidogo, sugua kati ya viganja. Zikikwaruza kama changarawe na utelezi umeisha, osha. Zikiteleza, ngoja. Wengine huchoma mti katikati ya tangi, na shimo likibaki wazi baada ya kuuchomoa, imeiva. Watu watatu wa matangi wajibu kila mmoja peke yake bila kusikia jibu la mwenzake, mara 6 kwa wiki, huku ukiandika. Utamjua wa kumwamini.

---

Msimamizi_Mlowo

Nashukuru sana wakuu, na dada pia. Hapo kwa karani bado. Foleni ya jioni siwezi kuisimamisha, na yule wa pili ni mwepesi lakini anakosea. Nikimtoa mmoja mizani inabaki na mmoja.

---

Mama_Mizani

Usimtoe mtu, gawa meza. Makarani wawili sasa hivi kila mmoja anafanya kila kitu kwa mkulima wake, ndiyo maana mmoja anachelewa na mwingine anakosea.

Panga hivi kuanzia saa 9 alasiri. Mbele akae yule kijana wa mashine mwenye mdomo mzuri, kwa muda wa saa moja na nusu tu kabla mashine haijaanza: anapokea mkulima, anafungua gunia, anakagua ubivu, na mzigo wenye kijani nyingi anauelekeza kwenye turubai ya kuchambulia kabla haujagusa mizani. Ugomvi mwingi wa foleni huisha hapo, kwa sababu mkulima anaambiwa mapema na kwa lugha nzuri, hakai saa nzima ndipo arudishwe. Anayefuata ni karani mwepesi: anaweka gunia, anasoma uzito kwa sauti mkulima akisikia. Wa tatu ni karani makini, ameketi, mgongo kwa foleni. Anarudia namba kwa sauti, anaandika stakabadhi, anakata nakala. Namba ikisemwa mara mbili na watu wawili mbele ya mwenye mali, kosa la kuandika 47 badala ya 74 linakamatwa hapo hapo.

Huo mgongo kwa foleni usiupuuze. Mtu wa aina yake anababaishwa na nyuso, hesabu hazimshindi. Mgeuze kiti tu.

Karani makini mwongezee kipande kinachomfaa: kila asubuhi alinganishe kilo zilizopokelewa na zilizoingia stoo siku kahawa hiyo ilipokauka. Kahawa mbivu kilo 5 hutoa takriban kilo 1 ya pachimenti kavu. Kilo 5,000 zikileta kilo 1,000 hivi, sawa. Zikileta 850, pana jambo: mizani, kahawa nyepesi zilizoelea, kukausha kupita kiasi, au mkono wa mtu. Mwenye jicho la daftari ataliona wiki hiyo hiyo, badala ya kungoja hesabu za mwisho wa msimu.

---

Msimamizi_Mlowo

Hii ya kugeuza kiti naifanya kesho. La mwisho: yule mama wa unyevu nataka kumpandisha awe msimamizi wa vichanja. Amekataa mara mbili.

---

Iringa_Ajira

Mwache akatae. Kusimamia watu watano ni kazi nyingine: kugawa zamu, kukemea, kuandika mahudhurio. Ukimpa hiyo unapoteza kiganja chake na unapata msimamizi asiyetaka. Mlipe kwa kile anachokijua. Mwandikie kipande chake: ndiye anayesema kichanja kipi kifunikwe mchana jua likiwa kali siku za mwanzo, kipi kigeuzwe, kipi kipelekwe stoo, na neno lake lifuatwe na msimamizi yeyote utakayemteua. Weka nyongeza ya mshahara inayoandikwa kwa kazi hiyo. Mpe kipimo cha unyevu akitunze yeye, aandike kwanza makadirio yake ya mkono, ndipo apime. Lengo ni asilimia 10.5 hadi 12. Ikipita 12 stooni inaweza kuota ukungu, na ikishuka chini ya 10 unapoteza uzito na punje zinavunjika kwenye kukoboa.

Na kila Jumatano asubuhi wawili wa vichanja wakadirie pamoja naye, kila mmoja akiandika namba yake kabla kipimo hakijawashwa.

---

Fundi_Pulpa

Hapo kwenye kipimo: kabla ya msimu kipelekwe kikalinganishwe na cha kiwanda cha kukoboa, kwa sampuli ile ile. Kikiwa kinasoma pungufu kwa asilimia 1, mtambishia mama wa watu bure wakati mkono wake ndio uliokuwa sahihi.